Wazee wa Sifuri

Sekei, Arusha
11 Machi 1995

Mdogo wangu Ebenezer,

Marahaba kwa shikamoo uliyonitumia katika barua yako. Natumaini wewe, shemeji na wote wa nyumbani kwako Babati mnaendelea vizuri, na kwamba mvua zimewafikia. Mimi na mke wangu tu wazima. Mama yupo Nkoaranga. Goti linamsumbua, lakini anapanda mwenyewe hadi kanisani na hataki kushikwa mkono.

Barabara yetu usingeitambua. Tangu magari yaliyokwisha kutumika yaruhusiwe kuingia kwa wingi, kila mwenye uwezo amenunua kifodi, basi dogo la abiria, na madereva wanashindana kufika kituoni kama watu wanaokimbia moto. Hata sasa, nikisikia breki, naweka kalamu chini hadi nisikie pia sauti za watoto.

Nilikwisha kukuarifu kuhusu msiba wa jirani yetu Fransiska, yule mama wa Kibosho anayeuza maziwa. Binti yake, Hanna, aligongwa mwezi wa Januari akivuka kwenda shuleni, na gari halikusimama. Tulimzika kihambani kwao, katika shamba la ukoo huko Kibosho. Mzee mmoja wa ukoo alipomfariji kwa kusema kwamba ni mpango wa Mungu, Fransiska alimjibu mbele ya katekista kwamba Mungu haendeshi kifodi, na kwamba wamtafute anayekiendesha.

Tuliporudi tuliunda kamati ya wakazi, nami nikachaguliwa kuwa mwenyekiti. Tuliomba matuta, kivuko mbele ya shule, na madereva wapimwe upya. Zaidi ya hayo tuliomba vifo katika mitaa yetu visipunguzwe tu, bali vikome kabisa, viwe sifuri. Ofisa wa manispaa aliyetupokea alicheka hadi akavua miwani. Alisema kwamba hata Ulaya watu wanagongwa, kisha akaniuliza iweje mimi mwalimu, niliyewagawia watoto sifuri maisha yangu yote, leo nije kuipigia magoti. Nilimwomba anitajie ni yupi kati ya watoto wake tumwache nje ya hesabu. Aliacha kucheka, lakini sahihi hakutia. Habari zilifika kituoni, na sasa makondakta wakituona wanapaza sauti kwamba Wazee wa Sifuri wapishwe, wasije wakafa wakawaharibia hesabu. Fransiska huwajibu kwamba mama zao pia wanavuka barabara.

Tulipitisha pia azimio kwamba pasiwepo tena kumalizana nyumbani kwa fidia ya ng'ombe na blanketi, na kwamba kila anayemjua dereva aliyeua akakimbia amtaje, hata akiwa wa damu yake. Maneno hayo ya mwisho niliyadai mimi, nikayasoma mwenyewe nje ya kanisa baada ya mnada wa sadaka.

Sasa, Ebenezer, tafadhali keti.

Jumanne asubuhi mwanao Emmanuel aliingia uani kwangu akiwa ameshika jani la isale kwa mikono miwili. Wewe ni Mmeru kama mimi. Unajua kwamba anayekujia na isale kuomba msamaha harudishwi. Nililipokea kabla sijamwuliza amekosa nini. Hapo ndipo aliponiambia kwamba kifodi kile alikuwa akikiendesha yeye. Alikuwa akilipita gari la mwenzake ili awahi abiria, na alimwona Hanna wakati breki haingeweza tena kusaidia kitu.

Nilimwambia kwamba kwa upande wangu nimemsamehe, na kwamba tungekwenda polisi pamoja asubuhi ileile. Aliniuliza, sasa baba mkubwa, isale umelipokea la nini? Niliingia ndani kuchukua koti, nilipotoka, hakuwapo.

Alhamisi Elinami alifika kutoka huko kwako, akaniletea barua yako. Umeniandikia habari za mvua, na kuhusu mwanao hukuandika neno. Lakini Elinami, bila kujua lolote, alinisimulia kwamba alimkuta Emmanuel nyuma ya nyumba yako akipasua kuni.

Leo nilikwenda kwa Fransiska nikamweleza yote, na jani lile nikampa, kwa kuwa halikuwa langu kulipokea. Nilitarajia anifukuze. Aliuliza kama Hanna alisema kitu. Nilimjibu kwamba mimi sijui. Alisema basi aje yule anayejua, aje na mikono mitupu, amweleze yeye kwanza, halafu aende polisi. Jani alinirudishia.

Elinami anarudi huko kesho na ndiye anayekuletea barua hii. Jumanne nitakuwa stendi nikisubiri basi la Babati, wewe na Emmanuel mkiwa ndani. Msiposhuka, nitakwenda polisi peke yangu, nitamtaja Emmanuel, na nikiulizwa aliko nitakutaja na wewe. Sijawahi kuandika sentensi ngumu kama hiyo, lakini siifuti. Mama hajui. Nimekuachia umweleze wewe.

Nisalimie shemeji na watoto, na mpe Emmanuel chakula kizuri kabla ya safari. Dereva wa basi akikimbiza gari, mwambieni apunguze mwendo, hata kama abiria watawacheka. Nataka mfike.

Ndimi kaka yako,
Ephraimu Sumari