Draya Yako Imefika, Tarsila

Tarsila, mwana wa dada yangu,

Ungekuwepo ungeniwahi na shikamoo kabla sijavua kofia, nami ningeitikia marahaba kwa sauti ya mtu mwenye mji wake. Sasa hakuna wa kuniwahi. Nimekaa kwenye kile kiti chako cha plastiki chenye mguu uliofungwa waya, humu humu chumbani mwako mwa kufulia, Lumemo, na mbele yangu kuna draya mpya, mashine ya kukaushia nguo. Imefungwa leo asubuhi. Nakuandikia wewe kwa sababu ndiwe uliyekuwa unaitaka, na kwa sababu mwandiko wangu huu ni wewe peke yako uliyekuwa unaweza kuusoma bila kunicheka. Hapana, ulikuwa unacheka. Lakini ulikuwa unasoma.

Unanijua. Kuanzia hapa mpaka Idete hakuna anayeniweza kwa kusimulia, na sijisifu, ni jambo linalojulikana. Mimi ndiye niliyepita na baiskeli juu ya mgongo wa kiboko mwaka ule maji yalipofunika mashamba, gunia la mpunga nyuma, na kiboko asistuke. Ulikuwa mdogo, magoti yamejaa vumbi, ukaniuliza, "Mjomba, ulimpigia kengele?" Nikakwambia nilimpigia, naye akasogea kidogo anipishe. Ulicheka mpaka ukalala kwenye mkeka. Ulikuwa unajua. Watoto wote wa nyumba ile walikuwa wanajua, na mama yako, dada Skola, alikuwa anajua kuliko wote maana alinilea. Uongo wangu ulikuwa chumvi. Hakuna mtu aliyeula mtupu.

Ila upo mmoja ulioula mtupu, Tarsila. Mwaka mzima nimeumeza, na leo umenitoka.

Nianze na chumba, maana humo ndimo mambo yote yalimotokea. Hatua nne kwenda ndani, tatu kwa upana. Mashine ya kufulia kwenye kona, meza ya pasi, kamba tatu juu, kidirisha kimoja cha mbao ukuta wa nyuma. Ulianza na beseni na mikono yako, watu wa nyumba za wageni wakaona mashuka yako yanavyong'aa, wakaanza kuleta. Kiangazi ulikuwa unaanika uani, ukigeuka mara mbili nguo imekauka kama karatasi. Masika ndiyo ilikuwa inakuumbua. Ifakara ikiamua kunyesha hata ukuta hutoa jasho. Shuka ilikaa kwenye kamba siku tatu, ya nne ikaanza kunuka kama samaki kitoga aliyesahaulika kwenye kapu. Ndipo ukaniambia, Mjomba, wewe umeishi na mashine kule kiwandani, nichagulie draya. Iwe ndogo, itoshe humu.

Kule kiwandani. Acha niseme. Kule kwenye sukari nilikaa msimu mmoja na nusu, na nilikuwa nakata miwa. Mashine niliziona kwa nje ya uzio. Yale ya kwamba mhandisi hawashi mtambo mpaka Kasto, ndiye mimi, aweke sikio asikilize kama umepona, niliyatunga mwenyewe nikiwa narudi nyumbani na begi moja. Ulinipikia wali siku ile nilipoyasimulia mara ya kwanza. Uliniongezea na mchuzi.

Basi nikaenda dukani kukuchagulia. Muuzaji akaniuliza kama chumba kina tundu la kutolea hewa. Nikamjibu kina kila kitu. Akauliza umeme wa pale unabeba mzigo wa kiasi gani. Nikamwambia, kijana, mimi ndiye wa kukuuliza wewe maswali hayo. Waliokuwa dukani wakacheka, nikaona nimeshinda. Akanipa kijitabu cha maelekezo, Kiingereza kitupu. Mimi shule niliiachia darasa la tano, unajua, ingawa nilikuwa nawaambia watu kwamba shule ndiyo iliyoniacha kwa kuishiwa cha kunifundisha. Nikafunua kurasa tatu nne, nikatikisa kichwa kama katekista, nikakitia mfukoni mwa koti.

Nilikuwa nimepima chumba kwa hatua zangu. Mlango sikuupima. Ile draya ililala barazani siku mbili mpaka tulipobomoa fremu kwa tindo, nawe ulishika tochi ya simu huku machozi ya kicheko yanakutoka. Halafu likawapo lile bomba la kukunjamana lililokuja nayo, nene kama paja la mtoto. Ukaniuliza ni la nini. Nikasema ni la kuzuia mashine isigongwe safarini. Nikalichukua nikaenda kuzungushia mche wa mpapai usidonolewe na kuku.

Yaliyofuata unayajua. Mvuke wote ukabaki humu ndani, nguo zikatoka za moto na mbichi vilevile, dari ikadondosha maji kama imekuwa pango. Kila ukiiwasha, swichi kubwa inakata nyumba nzima inazimika. Siku ya tano ikanuka kuungua, ikanyamaza. Uliifunika kitambaa ukaweka juu yake chombo cha maua. Na watu walipouliza, ukawaambia draya ni nzuri, umeme wa mtaa huu ndio mbovu. Ulinificha, Tarsila. Uliuchukua uongo ukauvaa wewe, usiyejua kudanganya, ili mjomba wako asichekwe.

Natamani ungewaacha wanicheke. Wangenicheka vizuri siku ile, pengine kinywa changu kingefungwa.

Halafu zikaja zile kanzu. Kanzu nyeupe za Komunyo ya Kwanza, zile za kigango, kanisa letu dogo la mtaa, zinazokaa kwenye sanduku mwaka hadi mwaka na kila kundi la watoto linazivaa. Sanduku lilikuwa limeingia unyevu, kanzu zimepiga madoa ya ukungu. Mama wa kigango wakakuletea wewe. Ulifurahi kama umepewa Ifakara yote. Uliniambia zikitoka safi watakupa na vitambaa vya altare, na ukifua vya altare nani tena atakataa kukupa vyake. Ukazifua, madoa yakatoka. Mvua nayo ikanyesha Jumatatu, ikanyesha Jumanne, Jumatano, na Alhamisi ukanipigia simu saa nane mchana.

Nilikuwa kijiweni, watu sita wamenizunguka. Ukasema, "Mjomba, hazikauki, na Jumapili ndiyo hiyo. Nifanyeje?"

Ningesema sijui. Tarsila, ningesema tu sijui. Ungeenda kuwaomba wenye majiko makubwa wakuanikie kwao, au ungewaambia mama wa kigango ukweli, na watoto wangevaa kanzu mbichi, na nani amewahi kufa kwa kuvaa kanzu mbichi. Lakini watu sita walikuwa wananitazama, na draya yangu mbovu ilikuwa imekaa kwako na maua juu.

Nikakwambia, koka majiko mawili ya mkaa, yaingize humo chini ya kamba, funga dirisha na mlango joto lisitoroke. Nikakwambia kule kiwandani tulikausha hivyo ovaroli za zamu nzima, mchana mmoja tu.

Ukauliza, "Na moshi?"

"Mkaa ukishashika hauna moshi," nikasema. "Hauna neno."

Na hapo nilishusha sauti. Ya kiboko huwa naisema kwa kelele, mikono juu, ndiyo maana hakuna anayeiamini. Hii niliisema taratibu kama mtu mwenye akili. Ukasema, asante, Mjomba. Nikarudisha simu mfukoni, nikaendelea na hadithi.

Mama yako alifungua mlango kama saa kumi na moja. Nilipofika ulikuwa bado hujainuliwa. Ulikuwa umekaa sakafuni, umeegemea mashine ya kufulia, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri nguo zimalize kuzunguka. Hapakuwa na moshi hata kidogo. Na kanzu zilikuwa zimekauka. Zote, Tarsila. Niligusa moja bila kujua ninagusa nini.

Daktari alisema hewa ya mkaa haina harufu wala rangi, inamlaza mtu polepole, na mtu anadhani ni usingizi wa uchovu. Watu wakasema bahati mbaya. Wakasema masikini, hakujua. Nami nikasimama katikati yao nikasema masikini, hakujua.

Jumapili watoto walivaa. Nilisimama nyuma kabisa kanisani. Walipopita, nikasikia sabuni yako.

Tangu hapo mambo yako hivi. Mpapai umezaa, sijala hata moja. Kijiweni siendi. Wakinikuta njiani wananiomba ya kiboko, nasema kiboko amekufa. Mvua za kwanza za mwaka huu zilinikuta Idete kwenye mpunga, nikajikinga kwa mama mmoja mwenye kichanga. Akaingiza jiko ndani, akasukuma mlango ili mtoto apate joto. Nikamwambia atoe, mkaa ule unaua hata kama hauna moshi. Akanitazama, akanitambua, akacheka mpaka akamshika mtoto asianguke. "Kumbe ndiye wewe, babu wa kiboko! Karibu, karibu, sasa mkaa nao umeota meno?" Nikalibeba jiko kwa mikono yangu nikaliweka mvuani. Akanifukuza. Ndiyo sasa niko hivyo, Tarsila. Neno moja la kweli ninalo maishani mwangu, na halina wa kuliamini.

Halafu juzi dada Skola akatuita ndugu, akasema chumba cha mwanangu hakifungwi, nitafua mimi. Akasema itanunuliwa draya nyingine. Akanigeukia mbele ya wote. "Kasto atachagua. Yeye ndiye anayejua mashine." Hakutabasamu.

Nikaenda. Safari hii nilikuta mama wa makamo anauza. Nikamwambia, mama, mimi sijui kitu, nifundishe. Unaona lilivyo jepesi? Lilitoka lenyewe. Akanieleza kwamba zipo zinazokusanya maji yake kwenye kisanduku na zipo zinazotoa mvuke kwa bomba, kwamba nitazame kwanza waya wa nyumba, kwamba kwa chumba kidogo inafaa ile ndogo inayotundikwa ukutani juu ya ile ya kufulia. Na kwamba nipime mlango. Nikaazima tepu ya fundi cherehani nikapima mlango mara tatu. Mimi nikataka ya bomba. Akaniuliza kwa nini, na hii nyingine haina usumbufu wa kutoboa ukuta? Nilitaka nilione bomba likitoka nje.

Nikamwonyesha na kile kijitabu cha zamani. Kilikuwa bado kwenye koti. Akafunua ukurasa wa pili, akaweka kidole. Ni picha, Tarsila. Mashine, bomba limepita ukutani kwenda nje, na kando yake dirisha limechorwa wazi. Wala hapo hapakuwa na Kiingereza.

Leo asubuhi fundi umeme alivuta waya mpya, mimi nikatoboa ukuta. Dada Skola akaniletea chai. Nikamwambia akae. Nikamwambia yote, simu, watu sita, ovaroli za zamu nzima ambazo hazijawahi kuwepo. Sikupunguza.

Akasema, "Najua."

Akaukunja ukingo wa kitenge chake, akaukunjua. "Tarsila aliniambia Mjomba kasema majiko mawili. La pili nilikoka mimi. Nikamwingizia, nikauvuta mlango kwa nje usifunguliwe na upepo, nikaenda kuwaambia mama wa kigango kanzu ziko tayari." Halafu akasema, "Uongo wako wote naujua tangu una meno mawili, Kasto. Huo mmoja sikuujua siku ile."

Akachukua kikombe changu kabla sijamaliza, akaondoka. Hakusema amenisamehe. Nami sikuomba, maana ningeombea wapi? Nilidhani nikisema nitapungukiwa mzigo. Kumbe nilikuwa naubeba upande mmoja tu, na upande wa pili ameubeba dada yangu mwaka mzima, ananipakulia ugali, ananingoja niseme.

Sasa mvua imeanza. Ameingia na mashuka ya kwanza, ameyatia kwenye draya bila kunitazama. Inazunguka. Bomba linatoa mvuke nje, nauona ukipanda kwenye matone. Ni mashine nzuri. Ungeipenda sana. Ungeipa jina.

Upepo umeupiga mlango ukajifunga, naye dada akasimama pale pale na shuka mkononi, hawezi kwenda mbele wala nyuma. Nimeinuka nikaufungua, nikahamisha kiti. Naandikia hapa kizingitini, mgongo wangu ndio unaouzuia. Bega moja limelowa na karatasi nayo inaanza, ndiyo maana wino umevuja, usidhani ni kitu kingine. Ukidhani ni kitu kingine pia ni sawa.

Kwaheri, mwana wa dada. Sina la kukuahidi kubwa, makubwa yangu yote unayajua yalivyokuwa. Nakuahidi hili dogo. Kila mvua itakayonyesha Lumemo mama yako akiwa humu ndani, nitakaa hapa nilipokaa. Watu waniulize ninalinda nini, nitawaambia ilivyokuwa, wacheke wasicheke.

Lala, Tarsila. Mlango uko wazi.

Mjomba wako,
Kasto