Malori ya Saa Kumi

Durban, 9 Juni 2013

Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu, zimesafiri kwa basi siku nyingi na sidhani zimepoa. Natumaini barua hii imekukuta umeketi, umekula, na lile goti lako limeanza kukuonea huruma. Mama anaendeleaje na presha yake? Na dada Gloriose, je, bado anagombana na wateja wake wa samaki mpaka wanarudi kesho yake kugombana tena? Mimi mwili wangu ni mzima. Huku baridi imeingia, si baridi ya kutisha, ila wenyeji wanajifunika utadhani theluji imeanguka. Mimi nawacheka, nami mwenyewe nimevaa makoti mawili.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia wakati simu ipo. Baba, simu ya nyumbani anaishika Gloriose, naye huiweka spika ili Mama Peguy wa jirani asipitwe na neno. Haya ninayoandika si ya spika. Ndiyo maana nimempa barua Cédric, mtoto wa mzee Pierre-Claver, anayekuja Uvira kumwona mama yake. Yeye ana karatasi za kudumu, anaweza kutoka na kurudi. Nimemwapisha aiweke mkononi mwako na si pengine. Isome peke yako kwanza, tafadhali, kisha wewe ndiye utaamua nani asomewe.

Gloriose ameniambia kwamba mwishoni mwa mwezi huu wewe na katekista Juvénal mnakwenda Kabwera kuchukua udongo wa kaburi la Serge, ili mdogo wangu aondolewe matanga kwa heshima baada ya miaka mitano, na Antoinette, aliyekuwa mchumba wake, awe huru kuolewa. Akaniomba nimweleze tena mahali: nyuma ya kanisa dogo, chini ya mparachichi, mawe matatu. Nikamwambia mtandao unakatika. Mtandao ulikuwa mzuri kabisa, Baba. Nitalifikia jambo hilo. Lakini siwezi kulifikia bila kupitia kwenye kazi yangu, na kuhusu kazi pia sikukuambia kweli yote. Nilisema niko ofisini kwa Mreno. Mreno yupo. Ofisi ndiyo haipo.

Nilipofika hapa nililinda magari ya watu ufukweni, South Beach. Nilivaa kizibao cha njano na kuwapungia mikono madereva wakirudi nyuma, watu waliojua kuendesha kabla mimi sijazaliwa. Siku moja nilikuwa nazozana na Cédric kwa Kiswahili kuhusu nani kasimama upande wa nani. Mzee mmoja wa Kizungu alikuwa akipita, ameshikwa mkono na binti yake. Akasimama ghafla, akanyoosha mgongo, akanifokea: "Wewe! Simama sawa! Kofia iko wapi?" Kwa Kiswahili, Baba! Mimi nikasimama sawa, visigino pamoja, kabla hata sijafikiri. Binti akaangua kilio palepale kati ya magari, kwa sababu baba yake alikuwa hajamsemesha mtu kwa wiki tatu. Kesho yake nikaajiriwa.

Mzee anaitwa Kapteni Abílio Fragoso. Alikuwa ofisa wa jeshi la Wareno kaskazini mwa Msumbiji, wakati wanapigana kuzuia nchi ile isijitawale. Kiswahili alikiokota kwa askari weusi wa pwani aliowaongoza. Sasa ugonjwa wa kusahau umemla Kiingereza chote, umemwachia Kireno na Kiswahili cha kambini. Kwake yeye mwaka ni ule ule wa sabini na nne. Fleti yao ya ghorofa ya kumi na moja ni kituo cha jeshi, bahari ni pori, na mimi ni koplo wake aliyeitwa Amade. Mwanzoni nilimsahihisha. Nikamwambia, Kapteni, mimi ni Pascal, ni Mkongomani. Akaniadhibu kwa kunizungusha meza ya chakula mara ishirini. Tangu siku ile ni Amade.

Binti yake, Dona Lurdes, anafanya kazi kwenye duka la dawa kule Overport. Ni mtu mwema, sina la kumlaumu ila moja. Mwaka jana mzee alitoroka, wakamkuta kwenye roboti, yaani taa za kuongozea magari, katikati ya barabara akiyaamrisha magari yageuke. Tangu hapo Dona Lurdes akitoka saa moja asubuhi anafunga geti la chuma la mlangoni kwa nje, na ufunguo anaondoka nao mpaka saa kumi na moja na nusu. Tunafungiwa wote wawili. Niliomba niachiwe ufunguo wa pili. Akanijibu kwa upole kwamba baba yake anajua kubembeleza na mimi nina huruma nyingi. Madirisha nayo yana vyuma. Moto ukiwaka siku moja, sisi ni mishikaki.

Usidhani geti lile ndilo linaloniuma zaidi. Karatasi yangu ya ukimbizi naipangia foleni kila baada ya miezi michache, na nikivuka mpaka nayo imekufa. Nikifika nyumbani, jeshi linanitafuta kama mtoro. Nikikaa hapa, kila tetesi za fujo dhidi ya wageni zikianza tunalala na viatu miguuni. Kwa hiyo, kusema kweli, geti la Dona Lurdes ndilo dogo kuliko yote.

Siku zetu zinafanana. Asubuhi mzee anakagua vifungo vya shati langu. Mchana anasoma telegramu za wakubwa, yaani karatasi za matangazo ya dukani. Mimi naona picha za kuku, yeye anaona amri kutoka Lisboni: shikilieni kituo, msirudi nyuma hata hatua. Hapo anawaka hasira. Anasema jenerali ameshasafirisha makabati yake kwa meli kwenda Ureno, na kinanda cha mkewe, ndipo akakaa kuandika amri ya kutuambia sisi tufe hapa. Dola yao ilikuwa imeoza zamani, Baba, na waliokuwa juu walijua kwanza. Askari wa chini ndio waliokuja kujua mwisho, na wale weusi hawakuambiwa kabisa.

Ikifika saa kumi alasiri ananituma dirishani. "Amade, malori iko?" Nami najibu, "Bado, Kapteni." Chini kule barabara ya kwenda bandarini malori hayaishi, yanapita na makontena mchana kutwa. Mara moja tu, mwezi wangu wa kwanza, nilitaka kumfurahisha nikamwambia yamefika. Lo! Alivaa koti, akatia nguo zangu kwenye mfuko wake, zangu, si zake, akanivuta mpaka mlangoni. Akalitikisa geti lile mpaka viganja vikatoka damu, akilia, Amade apande, Amade apande. Ilichukua saa nzima kumtuliza. Tangu hapo nasema bado, hata lori likipiga honi chini ya dirisha.

Dona Lurdes ndiye aliyenieleza. Serikali yao ilipopinduliwa na wanajeshi wenyewe kule Lisboni, kila mkubwa alitafuta njia ya kwenda kwao. Kituo cha Kapteni kikapata amri: Wazungu wapande malori yaliyopo, askari weusi wabaki kulinda ghala, malori yatawarudia saa kumi. Kapteni aliwapanga mstari akawapa ahadi hiyo kwa mdomo wake. Hakuna lori lililorudi. Dona Lurdes anasema baba yake alidanganywa kama wengine, na kwamba hilo ndilo lililomvunja. Nami nilikuwa nikimhurumia kwa sababu hiyo.

Jumanne iliyopita mzee aliamka na homa, hakukagua vifungo. Nilimlisha supu, akalala, akaamka. Saa kumi ikafika, mimi mwenyewe nikaenda dirishani kwa mazoea, nikasema, bado, Kapteni. Akaniita kitandani. Macho yake yalikuwa maangavu, sijapata kuyaona vile. Akasema, "Amade, malori hapana. Mimi najua tangu asubuhi ile. Jenerali aliniambia kwa redio: hapana malori ya pili." Akanishika mkono, akaniomba nimsamehe.

Baba, ilikuwa kazi ya neno moja. Mtu mgonjwa, karibu miaka themanini, anaomba neno moja, nami nalipwa kuwa Amade. Halikutoka. Nilimuuliza kwa nini basi aliwaambia yatarudi. Akanijibu bila kusita, kwa Kiswahili chake kibovu, kwamba kama angesema kweli Amade angeomba kupanda, na yeye angeona haya, na angempa nafasi yake.

Nilivuta mkono wangu. Nikamwambia mimi siye Amade, siwezi kusamehe deni la mwenzangu. Akageukia ukutani. Nami nikaenda mlangoni nikalishika lile geti, nikalitikisa kama yeye alivyolitikisa, mpaka jirani, Mama Shamima, akachungulia akidhani tumevamiwa.

Sasa nimefika, Baba. Kaa vizuri.

Msiende Kabwera. Njia ni mbaya, mna miaka yenu, na mnalolifuata halipo. Hakuna kaburi. Hakuna mparachichi wala mawe matatu. Kanisa lile nililowaeleza nililiona Zambia, nikiwa safarini kuja huku, na niliwaambia kwa sababu Mama alilia kwenye simu akisema anataka japo mahali pa kuelekeza uso akisali. Niliwaambia Serge alikufa mikononi mwangu na nikamzika. Sikumzika. Sikumwona akifa. Nilipomwacha alikuwa hai, amekaa kwenye handaki, anakula muwa.

Ilikuwa hivi. Pale Kabwera, adui walipokaribia, komanda wetu wa jeshi aliondoka alfajiri kwa gari la jipu, godoro lake limefungwa juu, akisema anakwenda kuleta msaada. Wengine walipoona godoro walielewa, wakaingia msituni. Tukabaki mimi na Serge. Yeye mguu wake wa kushoto ulikuwa umevimba kwa zile buti ndogo alizopewa, hakuweza kukimbia. Akapita muuza duka mmoja na pikipiki, mizigo imejaa, akasema ana nafasi ya mtu mmoja na hatarudi. Hatarudi, Baba, alisema wazi, nilisikia kwa masikio haya.

Nilimfuata Serge handakini nikamwambia alinde sanduku la risasi, nami nitamrudia na pikipiki kabla ya saa sita. Akaniuliza, "Kweli, yaya?" kama alivyozoea kuniita mimi kaka yake. Nikamwambia kweli. Akanipa chupa yake ya maji, akasema mimi ndiye mwenye safari. Nikainywa njiani.

Nilimdanganya kwa sababu ile ile ya Kapteni. Ningesema kweli, Serge angeomba nafasi, naye ndiye mwenye mguu mbovu, na mimi ningempa. Nilijua ningempa, na nilitaka kuishi. Hapakuwa na jenerali wala redio. Amri niliitoa mimi.

Sasa mnajua. Laana ukiona inafaa, itoe, sitakimbia tena. Ila kabla ya hilo nakuomba uwatume watu waulize, maana hatukuwahi kuuliza. Waulize wachoma mkaa wa upande ule, waulize kwenye kambi za wakimbizi ng'ambo ya ziwa, kwa jina lake na kwa kovu lake la kidevuni. Huenda tumemlilia mtu aliye hai miaka mitano. Huenda hapana. Antoinette naye aambiwe kabla hajaitikia posa ya mtu, hata kama atalitemea mate jina langu. Na Mama, utajua wewe namna ya kumwambia.

Kapteni bado yu hai. Jumatano homa ilishuka, na kila kitu alikuwa amekisahau, msamaha na yote. Saa kumi akaniita: Amade, malori iko? Nikasema bado. Kesho saa moja asubuhi Dona Lurdes atanifungia tena, nitakuwa Amade mpaka jioni, na sitamlaumu mtu.

Nisalimie Gloriose na wanawe. Nisalimie katekista Juvénal, mwombe radhi kwa safari aliyojiandalia. Mpe Mama mkono wangu, kama ataupokea. Na ikiwa siku moja mtu anayechechemea atasimama mlangoni kwako, Baba, usimwambie nilizuiliwa njiani, wala kwamba nilitekwa, wala kwamba nilijaribu. Mwambie hapakuwa na pikipiki ya pili, na kwamba yaya alijua.

Ni mimi mwanao,

Pascal