Pazia Lisilomo Riwayani

Nyumbani,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Mgongo umeacha kukusumbua? Na wadogo zangu wameizoea baridi ya huko? Sisi afya tunayo, ila nyumba imepoa. Baba anatengeneza redio za watu pale pale sebuleni, na siku nzima haongei. Kaka ndiye mpishi wetu sasa. Wali wake ukipindua sufuria unasimama wenyewe, lakini tunaula.

Darasani tunasoma riwaya ya mama anayekufa ukurasa wa kwanza, watoto wakabaki kugombana hadi mwisho. Mwalimu wa fasihi alituambia kila mmoja amchague mhusika asiyesema kitu, atunge shairi kwa sauti yake. Mchekeshaji wetu alimchagua mbuzi. Mimi nikamchagua mama.

Nilidhani ni kazi ya darasa tu. Mwalimu aliporudisha, alikuwa ameizungushia wino mwekundu mistari hii:

Sindano nimeichoma, kwenye pazia la chumba,
Msiing'oe mapema, nitarudi kulipamba.

Pembeni ameuliza: riwayani hamna pazia, umelitoa wapi? Wewe unajua nilikolitoa. Mama akichoka kudarizi alikuwa anaichoma sindano kwenye pazia la chumbani, uzi ukining'inia. Tangu tumzike hakuna aliyeigusa. Baba akifungua dirisha hulishika pazia upande wa pili.

Hata hivyo mwalimu amelipenda shairi, anataka nilisome mbele ya wenzangu. Juzi nikawa najizoeza jikoni, nikiiga mama alivyokuwa akiyavuta maneno. Baba akasimama mlangoni, bisibisi mkononi. Nikajua leo nitafokewa. Akasema polepole, "Soma, lakini kwa sauti yako. Hiyo ya mama yako siiwezi."

Kisha, akiwa amekwisha kunipa mgongo: "Ndiyo maana hata simu za mdogo wake sipokei."

Hilo ndilo lililonikalisha kuandika. Kaka ameniambia unalia huko, ukidhani baba amekukata kwa kuwa hukuwahi mazishi. Siyo, Mama Mdogo. Hana kinyongo na wewe hata kidogo. Ukisema "haloo" tu, anayemsikia ni mkewe.

Mimi naomba kinyume chake. Ile sauti ya mama inanitoka akilini. Pale jikoni nusu nilikuwa nabuni, na hilo linaniuma kuliko yote. Jumapili asubuhi baba huwa anakwenda kutafuta vipuri. Tupigie kwa simu ya Kaka. Si lazima useme la maana, nigombeze tu kwamba sijafua shuka.

Wasalimie wadogo zangu, na baba mdogo akiwa hayuko safarini na lori lake. Kaka anakusalimu. Baba hakutuma salamu, ila nilipomwambia nakuandikia, alinitafutia bahasha mwenyewe.

Mungu akutunze huko uliko, na koo lako alikinge na baridi.

Mwanao akupendaye na anayeisubiri simu,
Pini