Picha za Kifua cha Baba

Jumamosi, Matisi

Heri ningemsikiliza dada yangu Nekesa. Alhamisi Baba alipigwa picha za kifua Bungoma, na daktari atazisoma Jumatatu. Nekesa, anayekaa naye Kamukuywa, alinitumia faili akasema, “Weka tu zisipotee. Usifungue, si daktari ataangalia?”

Leo nimefungua. Kompyuta ilikataa mara tatu, ikisema haijui faili za aina hiyo. Nikatafuta programu ya kuzisoma, nikaipakua. Mbavu za Baba zikajaa skrini nzima. Upande wa kulia pana kitu cheupe, kidogo kama punje ya mahindi.

Sijui ni nini. Labda ni mshipa tu, labda kila mtu anacho. Nimeangalia upande wa kushoto, hakuna.

Ninaogopa.

Jioni Baba akapiga simu mwenyewe. “Nekesa anasema uko na picha zangu. Umeona nini?”

“Kompyuta imekataa kuzifungua, Baba.”



“Ni sawa, mama,” akasema. “Usilie.”

Nami nilidhani hasikii kwamba ninalia.