Sufuria Iliyovuka Siku ya Sabato

Ijumaa, 6 Septemba. Alunguli.
Vita vile vile. Treni haijafika, chumvi imepanda tena. Radioni, kazini kwangu, tumefupisha habari. Mafuta ya jenereta ni kidogo. Nilivuka mto Lualaba kurudi nyumbani kwa mtumbwi wa kaka yangu mkubwa, Yaya Kasongo. Safari yake ya mwisho ya siku. Jua lilipozama alitundika kasia kwenye msumari wa baraza. Sabato imeingia. Sombe, majani ya muhogo, na samaki. Nimeshiba.

Jumamosi, 7 Septemba.
Wazee watatu wa kanisa letu wanakaa ng'ambo, upande wa Kasuku. Walivushwa na Hamadi, Mwislamu, rafiki wa Yaya. Humlipa Ijumaa, wasishike pesa siku ya Sabato.
Katikati ya mahubiri Yaya aliitwa mlangoni. Mwanamke aliyekimbia vita huko Punia, uzazi umekwama. Hospitali iko ng'ambo. Yaya alimvusha akiwa na shati lake jeupe la ibada. Kisha akarudi kumvusha mama mkwe wa yule mwanamke, pamoja na mkaa na sufuria. Hospitalini hawapikii wagonjwa. Asiye na ndugu na sufuria analala njaa.
Mtoto wa kike. Wote wazima.

Jumapili, 8 Septemba.
Yaya aliitwa mbele ya wazee. Safari ya kwanza imesamehewa: alikuwa anaokoa uhai. Ya pili ni kazi. Mzee Paulo, mkubwa wao, alisema: "Sufuria haiko mugonjwa." Yaya akamkumbusha ng'ombe wa Injili, aliyetumbukia kisimani siku ya Sabato. Mzee akajibu: "Ng'ombe, ndiyo. Sufuria, hapana."
Uamuzi ni Sabato ijayo. Akitengwa, hataruhusiwa kumsindikiza binti yake, Furaha, kanisani. Ndoa ni tarehe 22.
Nina hasira. Yaya hana. Amekula vizuri.

Alhamisi, 12 Septemba.
Nilipita hospitali. Sufuria iko motoni uani. Mama mkwe anawapikia pia wagonjwa wawili wasio na mtu.
Hamadi amesikia habari ya kesi. Alicheka hadi akakaa chini. "Kama kuvuka siku ya Sabato njo zambi, mie siwezi kuwabebesha wazee zambi." Eti dhambi! Nilidhani ni utani.

Jumamosi, 14 Septemba.
Haukuwa utani. Wazee wamesimama ng'ambo. Hamadi yuko ndani ya mtumbwi wake, umefungwa, anakula karanga. Mawingu meusi. Waumini wote tulitoka kutazama. "Waache kule kule!" mama mmoja wa kwaya alisema. Nilikubaliana naye. Bila wazee hakuna uamuzi.
Yaya akaenda kuchukua kasia.
Nilipanda naye. Kuona ndiyo kazi yangu. Ng'ambo alisema tu: "Panda, baba. Mvua inakuya." Mzee Paulo aliutazama mtumbwi muda mrefu. Matone yakaanza kuanguka kwenye suti yake, ile moja aliyo nayo. Akapanda. Wenzake wakafuata.
Karibu na ukingo Mzee Paulo aliuliza: "Ile sufuria, iko bado hospitali?"
"Iko, baba. Inalisha wengi."
Kanisani alihubiri tukiwa tumelowa. Kesi hakuitaja. Baada ya ibada alimwuliza Yaya saa ya ndoa.

Jumapili, 22 Septemba.
Furaha ameolewa. Yaya alimsindikiza, shati lile lile, limefuliwa. Hamadi alialikwa, akala kuliko bwana harusi. Mzee Paulo alimpigia saluti ya mzaha; nadhani bado wanaviziana. Usiku milio ya risasi, mbali. Hatukuacha kula.
Jana, Sabato, kasia halikuwa kwenye msumari. Yaya alikuja nalo, akaliegemeza nje, karibu na mlango wa kanisa, tayari akiitwa tena. Mzee Paulo aliliona akiingia. Lilikuwa linateleza. Alilisimamisha vizuri, akaingia kusali.