Isale la Aminieli

Lemara, Arusha

Dada yangu Naomi,

Shikamoo. Goti limeacha kukusumbua? Na mvua huko Iramba imewakumbuka, au bado mnatazama mawingu? Huku sisi wazima, ila nina jambo limenikaa kooni. Wa kumwambia ni wewe, uliyetushonea mipira ya ngozi ya mbuzi pale misheni, tukacheza besiboli na yule mwalimu Mmarekani. Unakumbuka nilivyokuwa narusha? Mpigaji anabaki na rungu lake hewani, mpira umeshapita zamani!

Basi, Aminieli amekuja kwangu. Ndiyo, yuleyule niliyepigana naye ngumi za ulingoni huku kwenye mashamba ya mkonge, wiki chache kabla mwalimu hajanipeleka kucheza kwao Marekani. Chini ya glovu alikuwa amefunga bendeji yenye plasta ya hospitali, ile ya kufungia mifupa, imekauka kama jiwe. Nilikinga kwa mkono wa kulia, mfupa ukalia kah! Safari ikafa palepale, na yeye akainuliwa mkono.

Leo ni mtu mkubwa. Tangu biashara iwe ruksa anauza friji na televisheni, ana nyumba Njiro yenye ukuta na geti. Mimi nauza viatu vya mitumba. Sasa anautaka uzee wa kanisa, na mchungaji kamwambia apatane kwanza na aliyemkosea.

Jumamosi asubuhi wakaingia uani kwangu, yeye na mchungaji, na kondoo, na isale. Hilo ni jani lao Wachagga. Mkosaji akikuletea, huna budi kumsamehe.

"Mzee mwenzangu," akasema, "yaliyopita si ndwele."

"Yapi hayo? Yataje."

"Aa, mambo ya ujana tu."

"Sema plasta, Aminieli. Mchungaji huyu hapa, asikie."

Akaninyooshea isale. Wifi yako, unajua ni Mchagga wa Machame, akanivuta shati. "Baba Yona, isale halikataliwi! Utatuletea mkosi!"

"Halikataliwi Uchagani," nikamjibu. "Mimi Mnyiramba."

Dada, nilifurahi! Mungu ananiona, nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu. Mchungaji akabaki anakohoa, kondoo anakula maharage yangu. Mwisho Aminieli akamkokota kondoo wake wakaondoka, isale kaliacha chini. Majina ya wazee wapya yaliposomwa kanisani, lake halikuwamo.

Wifi yako ananiwekea chakula, yeye anakwenda kulia chake jikoni. Isale lilikuwa na kipande cha shina, nikalichomeka mbele ya nyumba, kwenye njia anayopita Aminieli kila Jumapili. Limeshika. Kila asubuhi nalimwagilia kwa mkono huuhuu uliovunjika, nusu ya maji inaishia miguuni kwangu. Siku atakayosema "plasta" mbele ya watu, nitamsamehe na kondoo tutamla pamoja. Asiposema, nitamwagilia mpaka mmoja wetu azikwe.

Usinitumie maneno ya Biblia, dada, nayajua. Msalimie shemeji, na yule binti yako mwalimu, na shangazi kama bado anasikia.

Mpira wa mwisho ulionishonea, ule wa safari, ninao. Haujarushwa hata mara moja.

Mdogo wako uliyemlea,
Zakayo