Barafu ya Mlangoni

Durban, 9 Mei 1998

Mdogo wangu Iteka,

Nacheka peke yangu ninapokuandikia, majirani wa Albert Park wanadhani nimepagawa. Larissa, msusi mwenzangu, amejifungua mapacha, na mimi nimemshinda tajiri mwenye jengo letu!

Huku hakuna theluji. Barafu yetu inatoka duka la samaki chini ya jengo letu; kila asubuhi wanaimwaga kwenye njia ya wapangaji. Mwezi wa pili niliteleza hapo nikavunjika mkono wa kuume, ule wa kusukia nywele. Mama asiambiwe, lakini vidole viwili bado havikunjiki.

Mwenye jengo, tunayemwita Patron, yaani bosi, alijitetea kwamba ametundika kibao cha tahadhari darini. Nikamwambia, "Patron, anayekanyaga barafu hutazama miguu yake, siyo dari!" Nikamwita pale njiani, mimi na wakili wangu, binti anayetetea maskini bure. Patron akaja na viatu vinavyong'aa, ameshika ukuta kama mtoto anayejifunza kutembea.

"Mbona umeshika ukuta?" wakili akauliza.

"Eish, mama, hapa panateleza kila siku!"

Wanawake wa saluni yetu wakapiga vigelegele. Amekiri mwenyewe! Anayejua njia yake ni ya hatari na asiisafishe, hatia ya kila anayeanguka ni yake.

Jana alisaini makubaliano. Atalipia hospitali na mazoezi ya mkono mpaka vidole vipone, na barafu haitamwagwa tena njiani.

Usinicheke kwa mwandiko huu uliopinda. Nimeandika kwa mkono wa kuume, Iteka, mstari kwa mstari, mpaka hapa.

Dada yako,
Joséphine